Hatari Iliyopimwa Ikakosa Mwenyewe

Jengo likiporomoka katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, vumbi halitulii kabla hujasikia maneno mawili: mvua na ajali. Jengo la Huruma lilipoanguka usiku wa Aprili 29, 2016 na kuua watu wapatao hamsini, mvua ilikuwa inanyesha, basi mvua ikabeba lawama. Gesi ilipolipuka Embakasi mwaka 2024, ikaitwa ajali. Leo naomba tuyaweke kando maneno hayo mawili, tuangalie yale yaliyokuwa yameandikwa kabla ya usiku wenyewe. Ukiyasoma, utaona kwamba hatari hizo zilikuwa zimejulikana. Zilipimwa na watu waliosomea kazi hiyo, na nyingine zikaandikiwa barua rasmi zenye tarehe. Hoja yangu ni kwamba Nairobi haina uhaba wa wapimaji wa hatari. Inachokosa ni mtu mmoja, mwenye jina na mamlaka, ambaye hatari ikishapimwa inakuwa kazi yake kuiondoa, na ambaye asipoiondoa ataulizwa.

Tuanze na Embakasi, kwa sababu huko ushahidi uko wazi. Usiku wa Februari 1, 2024, mwendo wa saa tano na nusu, lori lililobeba gesi ya kupikia lililipuka katika yadi moja mtaani Mradi. Moto ulifika kwenye nyumba za watu na kwenye ghala la nguo lililokuwa jirani. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 270 wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa wamelala au wakijiandaa kulala. Asubuhi yake Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilitoa taarifa ambayo ingefaa kusomwa katika kila darasa la uhandisi nchini. Maombi ya kujenga kituo cha kuhifadhi na kujaza gesi mahali hapo yaliletwa mwezi Machi 2023, yakaletwa tena Juni, yakaletwa tena Julai. Yote matatu yalikataliwa. Sababu kuu ni kwamba michoro haikutimiza umbali wa usalama unaotakiwa na viwango vya Kenya. Wataalamu waliona pia jinsi watu walivyobanana kuzunguka kiwanja hicho, wakamtaka mwombaji alete hesabu ya hatari inayoonyesha, endapo moto utazuka, joto na mshindo wake vitafika wapi.

Hebu tulitazame sharti hilo la umbali. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu ikapotea, inatambaa chini, inaingia mitaroni na kujikusanya mabondeni, hadi ikutane na jiko, sigara au cheche ya swichi. Kwa hiyo umbali kati ya tangi na nyumba ya jirani ndio unaoipa gesi nafasi ya kuchanganyika na hewa na kupungua makali kabla haijafika penye moto. Mtaa ambao ukuta wa yadi ndio ukuta wa nyumba ya mtu hauna nafasi hiyo, na hakuna mtambo wa kisasa wa kuinunua. Mhandisi aliyeandika kwamba mahali pale hapafai alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Wakati huohuo kulikuwa na leseni kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira, ambayo baada ya mlipuko yenyewe ilikiri kwamba leseni hiyo ilitolewa kinyume cha utaratibu, ikawasimamisha kazi maafisa wake. Basi ofisi moja ilikataa mara tatu, nyingine ikakubali, na malori yakaendelea kuingia na kutoka. Barua ya kukataa haikuwa na mtu wa kufunga geti. Ni sawa na daktari aliyepima damu, akaona malaria, akaandika jibu vizuri kwa kalamu, kisha akalitia kwenye droo na kwenda zake nyumbani.

Pengine tueleze kidogo wahandisi wanavyoipima hatari, kwa sababu hapa ndipo wenye mali na wenye taaluma wanapoachana njia. Hatari hupimwa kwa mambo mawili: uwezekano wa jambo kutokea, na ukubwa wa madhara likitokea. Jambo linaweza kuwa adimu sana na bado likawa hatari kubwa, ikiwa siku litakapotokea litabeba watu mia. Mwenye ploti wa mtaa wa Pipeline au Huruma kwa kawaida huliangalia jambo la kwanza tu. Ataona majengo ishirini katika barabara yake, yote yameongezwa ghorofa kuliko michoro ilivyoruhusu, na yote yamesimama. Kwake huo ni ushahidi tosha. Fundi wake atamwambia hivyohivyo, na kwa kweli fundi huyo amejenga mengi na hajaona lililoanguka.

Ushahidi huo unadanganya, na inafaa tuone unavyodanganya. Kanuni za kupiga hesabu za zege ambazo wahandisi wa Kenya wamezitumia kwa miaka mingi, zile zilizotoka Uingereza, zinamtaka mhandisi auzidishe uzito wa jengo lenyewe kwa 1.4, na uzito wa watu na mali zao kwa 1.6, kabla hajaamua unene wa nguzo na idadi ya nondo. Yaani kila jengo lililopigiwa hesabu vizuri lina akiba ya nguvu ambayo haionekani kwa macho. Akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya mambo yasiyojulikana. Sasa chukua kiwanja cha futi 25 kwa 60, kipimo ambacho mkazi wa Eastlands anakijua. Ghorofa moja juu yake, pamoja na kuta za mawe, hukaribia tani moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kila ghorofa inaongeza zaidi ya tani mia moja. Jengo lililochorwa la ghorofa nne likijengwa sita, mzigo juu ya nguzo za chini umeongezeka kwa nusu nzima. Ile akiba ya 1.4 na 1.6 imeliwa yote, na kwa nje hakuna kilichobadilika. Rangi ni ileile, wapangaji wanalipa kodi, watoto wanapanda ngazi. Jengo linasimama kwa sababu mhandisi aliacha akiba, na mwenye ploti anadhani linasimama kwa sababu mhandisi alikuwa mwoga.

Hapo ndipo mvua inapoingia. Sehemu kubwa ya Embakasi, kuanzia Donholm kwenda Tassia na Pipeline, imekaa juu ya udongo mweusi ambao ukilowa hufura na ukikauka hunywea na kupasuka. Msingi usiopita udongo huo hadi kwenye tabaka gumu hupandishwa na kushushwa kila msimu. Huko Huruma jengo lilikuwa ukingoni mwa mto. Kwa jengo lenye akiba yake, mvua ya Aprili ni usumbufu wa matope mlangoni. Kwa jengo ambalo akiba yake imeshakuwa vyumba vya kupangisha, mvua hiyohiyo ni mzigo wa mwisho. Tukisema mvua ndiyo iliyoliangusha, tunakuwa tumemtaja mgeni wa mwisho kufika na kuwasahau waliotangulia: ghorofa mbili za ziada, zege ambalo mbao zake zilitolewa kabla halijakomaa (na zege hupimwa nguvu yake likiwa na siku 28, ingawa fundi anayelipwa kwa kazi hawezi kuzisubiri), na michoro ambayo pengine haikufika ofisi yoyote.

Tukirudi kwa jengo la Huruma, jambo lenye uchungu ni kwamba lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa. Majengo yalikuwa yameporomoka Makongeni mwishoni mwa 2014 na Huruma hiyohiyo Januari 2015, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza majengo yote yakaguliwe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ikatoa takwimu kwamba asilimia 58 ya majengo ya Nairobi hayafai kukaliwa na watu. Alama za X nyekundu zikapakwa kutani. Zaidi ya mwaka ukapita. Watu waliendelea kuhamia, kwa sababu rangi nyekundu ukutani haimwambii mpangaji ni lini, na ni nani atakuja. Mtoto mchanga aliyetolewa hai chini ya kifusi baada ya saa themanini hivi alilala usiku ule katika jengo ambalo serikali ilikuwa imelipima na kuliona bovu.

Takwimu ya asilimia 58, kwa maoni yangu, ilisaidia kuizima kazi iliyotakiwa kuianzisha. Ukiwaambia watawala kwamba zaidi ya nusu ya jiji ni hatari, umewapa sababu nzuri ya kutofanya lolote, kwani hakuna anayeweza kuhamisha nusu ya Nairobi. Kazi ya kusimamia hatari huanza pale unapokataa kuliweka kila jengo katika kapu moja. Jengo la ghorofa saba ukingoni mwa mto, lenye nyufa kwenye nguzo na familia mia, haliwezi kupakwa X sawa na jengo la ghorofa tatu lisilo na ngazi ya dharura. La kwanza linataka watu watoke wiki hii. La pili linataka fundi wa vyuma na miezi michache. Lipo pia la tatu, ambalo linaweza kuokolewa kwa kuondoa ghorofa mbili za juu na kuzifunga nguzo za chini kwa zege jipya, kazi ghali lakini inayowezekana. Orodha yenye ngazi kama hizo ingesomwa na mtu mmoja kwa asubuhi moja, naye angejua aanzie mlango gani.

Kuna anayeweza kusema kwamba haya ni maneno ya karatasi, kwamba jengo bovu litaanguka tu, uwe na orodha au usiwe nayo. Jibu liko Kware, Pipeline. Mnamo Juni 2017 jengo la ghorofa saba lilianza kuonyesha nyufa. Wapangaji wakaambiwa watoke, na wengi wakatoka, kabla jengo halijashuka lote usiku wa Juni 12. Waliofariki walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na watu wake. Lakini linganisha na Huruma mwaka mmoja kabla. Ni mtaa wa aina ileile na wapangaji wa aina ileile. Tofauti ni kwamba kati ya ufa kuonekana na jengo kuanguka, pale Kware mtu alichukua hatua. Tassia, Desemba 6, 2019, jengo la ghorofa sita liliposhuka asubuhi na watu wapatao kumi kufariki, hatua hiyo haikuwepo. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote tangu shule ya msingi, ila inadhani kwamba anayeuona ufa ndiye mwenye nyumba. Pipeline anayeuona ni mpangaji wa chumba cha chini, anayeambiwa ni keateka, na mwenye pesa ya kuuziba anaishi kwingine kabisa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lina watu wa heshima nyuma yake. Wanasema wapangaji wenyewe ndio wanaochagua. Waliambiwa watoke wakakataa, au walitoka wakarudi. Mfano unaotajwa sana ni Sinai, kule Lunga Lunga, ambapo Septemba 12, 2011 mafuta yalivuja kutoka kwenye mitambo ya kampuni ya Kenya Pipeline yakatiririka mtaroni, watu wakaenda kuyachota, moto ukazuka na takriban watu mia moja wakafa. Wale, inasemwa, walijenga juu ya njia ya bomba na wakakimbilia petroli kwa ndoo. Ni kweli walifanya hivyo. Lakini wahandisi wana utaratibu wao wa kupambana na hatari, na utaratibu huo una mpangilio. Kwanza iondoe hatari. Ukishindwa, ipunguze. Ukishindwa, weka kizuizi kati yake na watu. Kumwonya mtu ni hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo dhaifu kuliko zote: inategemea mtu mwenye njaa afanye uamuzi sahihi kila siku bila kukosea. Pale Sinai, kabla ya kufika kwa mchota mafuta, kulikuwa na mambo mengi ya kufanya upande wa mitambo: kuzuia mafuta yasivuje, na yakivuja, yasifike kwenye mtaro unaopita katikati ya watu. Sisi tunaanza na onyo na kuishia na onyo, halafu msiba ukitokea tunamuuliza marehemu kwa nini hakusikia.

Na mpangaji anachagua nini hasa? Ili mtu achague lazima ajue. Anayelipa kodi na deposit ya chumba Pipeline haonyeshwi jina la mhandisi wala cheti cha kuruhusu jengo likaliwe. Hawezi kujua kama ghorofa anayolala ilikuwemo kwenye mchoro. Anachoweza kupima ni kodi, umbali hadi stegi, na kama maji hupanda hadi juu. Hivyo ndivyo anavyopima, na kwa taarifa alizo nazo amepima vizuri.

Kuna pingamizi la pesa. Ukidai kila jengo liwe na mhandisi, vipimo vya udongo na vipande vya zege vya kupimwa maabara, kodi itapanda, na maskini atarudi kwenye mabati. Silipuuzi, kwa sababu Eastlands ndiyo iliyolipatia jiji hili nyumba ambazo serikali haikujenga. Hata hivyo gharama kubwa ya jengo la ghorofa ni ardhi, saruji, nondo na mikono ya mafundi. Malipo ya mtu wa kukagua kabla slabu haijamwagwa ni madogo ukiyaweka kando ya hayo, na ni madogo zaidi ukiyaweka kando ya kodi ya ghorofa moja kwa miaka michache. Kinachomuuma mwenye ploti ni zile ghorofa mbili za ziada ambazo mkaguzi wa kweli angemnyima. Basi tuseme wazi kwamba mjadala unahusu mapato ya ghorofa hizo, tusijifiche nyuma ya maskini.

Wengine watasema nimezunguka tu, kwamba neno moja lingetosha: rushwa. Rushwa ipo, na kuna maafisa waliosimamishwa kazi kwa mambo niliyoyataja. Ila rushwa hupenda mahali ambapo jukumu limegawanywa hadi halionekani. Jengo moja la Nairobi linapita kwa kaunti kwa ajili ya michoro, kwa NCA kwa ajili ya mkandarasi, kwa bodi ya wahandisi kwa ajili ya anayetia sahihi, kwa NEMA kwa ajili ya mazingira. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja siku ya msiba ana kipande cha mwenzake cha kunyooshea kidole. Kumhonga mtu ambaye jina lake pekee ndilo litakalosomwa mahakamani ni kazi ngumu zaidi.

Waingereza walilijifunza hili kwa msiba uliotokea siku mbili tu baada ya ule wa Kware. Juni 14, 2017, jengo la Grenfell Tower mjini London liliungua na watu 72 wakafa, na uchunguzi ukaonyesha wakazi walikuwa wamelalamika kwa miaka bila kusikilizwa. Sheria waliyoitunga mwaka 2022 inataka kila jengo la makazi lenye angalau ghorofa saba, au urefu wa mita 18, liwe na mwajibikaji anayetambulika kisheria, ambaye kazi yake ni kuzitathmini hatari za moto na za jengo kuporomoka, kuzidhibiti, na kuwapa wakazi taarifa zake. Iliwachukua miaka mitano, na nchi yao ni tajiri. Sisi tulikaa na kanuni za majengo za 1968 kwa zaidi ya nusu karne, na kanuni mpya ni za 2024. Ni hatua. Lakini kanuni, hata mpya, hueleza jengo liweje. Haziwezi zenyewe kupanda ngazi za Huruma na kuuliza nani analinda nguzo za chini.

Kuna mlango mmoja ambao hauhitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Hakuna mpangaji wa Eastlands anayekubali chumba kisicho na stima. Kama mita za jengo jipya zingefungwa tu baada ya kampuni ya umeme kuona cheti cha kukaliwa chenye idadi ya ghorofa, mwenye ploti angekuwa na sababu ya kumtafuta mhandisi mapema, na ghorofa ya saba ambayo haimo kwenye cheti ingebaki gizani bila mpangaji. Wapo watakaovuta nyaya kwa jirani, najua. Lakini nyaya hizo zinaonekana kutoka barabarani, tofauti na nondo zilizokosekana ndani ya zege.

Na ukipita leo penye mjengo wowote kando ya barabara ya Outer Ring, utaona ubao kwenye mabati: mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkandarasi, nambari ya NCA. Ubao huo hushushwa siku rangi inapokauka na wapangaji wa kwanza wanapoingia na magodoro yao. Kaunti iagize ubaki, usogezwe mlangoni, na uongezwe mstari mmoja wenye jina la anayewajibika kwa jengo tangu siku hiyo, nambari yake ya simu, na idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa. Kuhesabu ghorofa kutoka upande wa pili wa barabara hakuhitaji shahada ya uhandisi.